Homa Isiyo na Jina: Bayoteknolojia na Ulinzi Katika Pwani ya Kismayo

Kisiwa cha Chovae ni kimoja katika mfululizo wa visiwa vya Wabajuni, vilivyopangana sambamba na bara kutoka Kismayo hadi karibu na Ras Kiamboni, mpakani mwa Somalia na Kenya. Wakazi wake ni wavuvi na mabaharia wasemao Kibajuni, wenye ndugu na jamaa Kiwayuu, Kizingitini na Faza katika upande wa pili wa mpaka. Mtu akishikwa na homa usiku kisiwani humo, jamaa zake hujua mambo mawili tu: kwamba mwili una moto, na kwamba hapana budi kuvuka maji ili kuifikia hospitali. Jambo la tatu, ambalo thamani yake huyapita hayo mawili, hawalijui. Nalo ni jina la homa yenyewe. Malaria hutetemesha, homa ya dengi huumiza mifupa, chikungunya hufunga viungo, homa ya matumbo hudhoofisha taratibu. Lakini siku ya kwanza zote huvaa kanzu moja.

Shida hiyo ya mvuvi ni shida ya jemadari pia. Majeshi mengi yamepita katika pwani hiyo. Mwezi Desemba 1992 wanajeshi wa Marekani na wa nchi nyingine waliteremka Somalia ili kulinda misafara ya chakula. Tangu mwaka 2007 Waganda, kisha Warundi, walikaa Mogadishu katika jeshi la Umoja wa Afrika. Mwezi Oktoba 2011 Jeshi la Ulinzi la Kenya lilivuka mpaka, na tarehe 28 Septemba 2012 askari wake wakatua ufukweni karibu na Kismayo kwa vyombo vya baharini. Wote hao walikwenda na bunduki, ramani na jina la adui waliyetumwa kupambana naye. Walikuwako hata hivyo maadui wengine wasioandikwa katika amri ya vita, ambao majina yao hayakujulikana mpaka watu walipokwisha kulala kitandani, na baadhi yao kaburini.

Hapo ndipo lilipo suala la bayoteknolojia katika mipango ya vita ya siku hizi. Neno ni zito, lakini maana yake ni nyepesi: ni ufundi wa kutumia viumbe hai, au sehemu za viumbe hivyo, ili kupata kitu chenye manufaa. Mama anayetia hamira katika unga wa maandazi anautumia ufundi huo, na mgema anayeacha tembo lichachuke vilevile. Kilichobadilika ni kwamba wataalamu sasa wanaweza kuisoma ile amri ya siri iliyomo ndani ya kila kiumbe, kuikata, kuiunga, na hata kuiandika upya.

Neno hilo likitajwa barazani pamoja na neno jeshi, mawazo ya watu wengi huenda moja kwa moja kwenye sumu na viini vinavyomwagwa kutoka angani. Hofu hiyo haikutoka hewani. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972, ulioanza kutumika Machi 1975, ulikataza kutengeneza na kuweka akiba ya silaha za viini vya maradhi. Urusi ya Kisovieti ilitia sahihi, kisha ikaendelea kwa siri na mradi mkubwa ambao Rais Boris Yeltsin aliukiri mwaka 1992. Mwezi Aprili 1979 viini vya kimeta vilivuja kutoka kiwanda cha jeshi katika mji wa Sverdlovsk, na watu wasiopungua 66 wakafa. Wakuu wa nchi hiyo walitangaza kwamba marehemu walikuwa wamekula nyama ya wanyama wagonjwa, na hadithi hiyo ya nyama ikadumu kwa zaidi ya miaka kumi.

Kisa cha Sverdlovsk chafaa kuangaliwa kwa makini na kila mlinzi wa usalama. Kombora hujitangaza lenyewe kwa mlio na moto. Shambulio la viini halitangazwi. Huingia kama homa ya kawaida, katika zahanati ya kawaida, mbele ya muuguzi aliyechoka na mwenye wagonjwa wengine 60 wanaosubiri. Anayetaka kuficha huweza kulipa jina la uongo, na asiyejua huweza kulipa jina la uongo bila kukusudia, na matokeo kwa mgonjwa ni yale yale. Kwa hiyo silaha ya kwanza katika vita vya namna hiyo ni uwezo wa kuiita homa kwa jina lake mapema. Pwani ya kutoka Lamu hadi Mogadishu imelipitia somo hilo mara kadhaa, hata bila ya adui yeyote kurusha kitu.

Mfano ulio karibu zaidi na Chovae ni wa Lamu. Katikati ya mwaka 2004 homa iliingia mji huo, na watu wakawa hawawezi kusimama wima kwa maumivu ya viungo. Damu ilipopimwa malaria, kwa wengi haikuonekana. Uchunguzi wa maabara uliofanywa baadaye ndio ulioleta jina: chikungunya. Neno lenyewe ni la Kimakonde, lenye maana ya kukunjika, na liliingia katika vitabu vya tiba baada ya mlipuko wa miaka ya 1952 na 1953 katika uwanda wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Yaani maradhi yaliyopewa jina na Waafrika wa Mashariki yalirudi kwa Waafrika wa Mashariki, wala hayakutambuliwa upesi. Wachunguzi walipopima damu za watu baadaye walikadiria kwamba robo tatu ya wakazi wa Lamu walikuwa wameambukizwa. Homa ikashuka Mombasa, ikavuka hadi Komoro, na katika miaka ya 2005 na 2006 ikafika kisiwa cha Réunion, ambako karibu theluthi moja ya wakazi waliugua na Ufaransa ikalazimika kuwatumia askari wake kupulizia dawa ya mbu. Jeshi la Marekani lilikuwa limeshughulikia chanjo ya maradhi hayo katika maabara zake kwa ajili ya askari wake, lakini haikupata kufika kwa mvuvi wa Lamu wala wa Chovae.

Kisa cha pili ni cha zamani kidogo, nacho ni kikubwa kuliko vyote. Kilitokea Marka, katika pwani hiyo hiyo, kaskazini ya Kismayo. Mwaka 1977 Somalia ilikuwa nchi ya mwisho duniani yenye ndui. Ulikuwa pia mwaka wa vita vya Ogaden, vilivyopamba moto tangu mwezi Julai. Watu na mifugo walikuwa wakivuka mpaka huku na huku, na ndui ikivuka pamoja nao. Shirika la Afya Duniani na wafanyakazi wa afya wa Kisomali walikuwa wakiifukuza maskani kwa maskani, kwa chanjo iliyokaushwa ambayo joto haliiharibu upesi, na kwa sindano ndogo yenye ncha mbili ambayo mtu asiyekuwa daktari aliweza kufundishwa kuitumia kwa muda mfupi.

Tarehe 12 Oktoba 1977 gari lililobeba wagonjwa wawili wa ndui kutoka maskani ya wafugaji lilifika hospitali ya Marka, na dereva akauliza njia ya kuendelea. Mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, alipanda garini ili awaonyeshe njia. Safari haikuzidi dakika chache. Maalin alikuwa mfanyakazi wa hospitali, na aliwahi hata kusaidia katika kazi ya kuchanja watu, lakini yeye mwenyewe hakuwa na kinga. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba aliiogopa sindano kwa kudhani itauma.

Siku kumi zilipopita, homa ikampanda. Akaambiwa ana malaria. Vipele vilipotokeza akaambiwa ni tetekuwanga, akaruhusiwa kwenda nyumbani, na huko rafiki zake wengi wakaja kumjulia hali kama ilivyo desturi. Hivyo maradhi yaliyokuwa yakisakwa na dunia nzima, katika mji uliokuwa na wataalamu wa maradhi hayo, ndani ya hospitali iliyokuwa na chanjo yake, yalipewa majina mawili yasiyokuwa yao. Tarehe 30 Oktoba muuguzi mmoja aliyemfahamu alitoa taarifa, na ndipo jina la kweli likapatikana.

Yaliyofuata yalikuwa operesheni ya ulinzi kwa kila maana ya neno hilo, na jeshi la polisi lilishika sehemu yake. Watu 161 waliokutana na Maalin walitafutwa mmoja mmoja. 41 kati yao walikuwa hawana chanjo. Hospitali ilifungwa kwa wagonjwa wapya. Vizuizi viliwekwa katika barabara na vijia vya kutokea mjini, na kila apitaye alikaguliwa na kuchanjwa. Wafanyakazi walipita nyumba kwa nyumba, na katika muda wa wiki mbili watu 54,777 walichanjwa. Hakuna mtu mwingine aliyeambukizwa. Maalin akapona, na tangu siku hiyo hakupatikana tena duniani mgonjwa wa ndui aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida. Mwezi Mei 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza rasmi kwamba ndui imetokomea. Wazee waliotumikia majeshi kabla ya hapo bado wana lile kovu la mviringo mkononi, karibu na bega. Vijana wao hawana.

Kisa cha tatu ni cha askari wenyewe, na familia nyingi za Uganda na Burundi hazijakisahau. Kuanzia mwishoni mwa Aprili 2009, askari wa Umoja wa Afrika waliokuwa Mogadishu walianza kuvimba miguu. Pumzi zikawa fupi na moyo ukaenda mbio, na baadhi yao wakapatwa na homa. Hawa walikuwa vijana waliopimwa afya kabla ya kuondoka makwao, si wazee wenye moyo dhaifu. Zaidi ya 50 walisafirishwa kwa ndege kwenda hospitali za Nairobi na Kampala, na huko madaktari walikuta baadhi yao mioyo imeshindwa kusukuma damu. Mpaka kufika mwanzoni mwa Mei 2010 wagonjwa walikuwa 241, na wanne walikuwa wamekufa.

Hali ya kambi wakati huo si vigumu kuiwaza. Jeshi lipo katikati ya mji wenye mapigano ya kila siku. Askari wanaugua bila ya jeraha. Na hakuna ajuaye sababu. Katika mazingira ya namna hiyo neno sumu huzaliwa lenyewe, wala halihitaji mtu wa kulieneza. Wachunguzi waliitwa, na maabara zikafanya kazi yake: zikatafuta viini vya maradhi, zikatafuta sumu, zikatafuta kasoro za damu. Hazikuona kitu.

Ufunguo ulipatikana kwa kuuliza maswali ambayo mwenye nyumba yeyote angeyauliza. Nani anakula nini? Ikaonekana kwamba waliougua zaidi ni wale waliokula chakula cha jeshi peke yake, pasipo kuongezea kitu kutoka sokoni. Ikaonekana pia kwamba waliokuwa mstari wa mbele, wakikabiliwa na risasi kila siku, waliugua zaidi kuliko wenzao. Na yaelekea ni kwa sababu hawakuwa na nafasi ya kutoka kwenda kununua samaki, maharage au matunda. Madaktari wakakumbuka maradhi ya vitabu vya zamani, beriberi, yatokanayo na upungufu wa vitamini B1 iitwayo thiamini. Wagonjwa wakapewa thiamini, na hali yao ikabadilika upesi kiasi cha kuwashangaza waliowauguza.

Hata hivyo kupona hakukutosha kuwa ushahidi, na hapa sayansi ya viumbe hai ilitoa hukumu. Ndani ya chembe nyekundu za damu kimo kimeng'enya ambacho hakiwezi kufanya kazi bila ya thiamini. Mtaalamu huchukua damu iliyotolewa kabla ya matibabu, hupima kasi ya kimeng'enya hicho, kisha hutia thiamini katika kichupa na kupima tena. Kimeng'enya kikiruka juu kama mtu aliyeamshwa usingizini, basi kilikuwa na njaa. Damu za askari 16 zilipopimwa kwa njia hiyo, zilionyesha njaa hiyo. Jina likapatikana. Vidonge vya thiamini vikagawiwa kwa askari wazima pia. Wagonjwa wapya wakapungua, wala hakikuripotiwa kifo kingine.

Beriberi ni adui wa zamani wa majeshi, na katika vita vya Japani na Urusi vya miaka ya 1904 na 1905 iliua askari wa Kijapani kwa maelfu, ingawa jeshi la majini la nchi hiyo lilikuwa limekwisha kuipunguza kwa kubadili chakula cha mabaharia wake miaka 20 kabla ya hapo. Mholanzi Christiaan Eijkman, aliyekuwa daktari wa jeshi katika kisiwa cha Java, aliona kuku wa maabara yake wakilegea miguu walipolishwa wali mweupe uliotoka jikoni kwa hospitali ya jeshi, na kupona waliporudishiwa mchele usiokobolewa. Kwa kazi iliyoanzia kwa kuku hao alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Jambo hili lamhusu mwenye jiko kama linavyomhusu mkuu wa kambi. Thiamini imo katika lile ganda jembamba la mchele ambalo mashine huliondoa ili punje ipendeze. Imo pia katika kunde, choroko, maharage, karanga, mtama na unga wa dona. Huyeyuka katika maji, kwa hiyo mchele ukioshwa mara nyingi, au ukichemshwa na maji yake kumwagwa, sehemu kubwa huenda na maji. Magadi yanayotiwa katika maharage ili yaive upesi huiharibu. Tena mwili hauweki akiba yake kwa muda mrefu. Wiki chache za wali mweupe mtupu na chai zatosha kuimaliza. Mama anayepika wali kwa kunde au kwa maharage ya nazi, bila ya magadi, anafanya kazi ambayo kule Mogadishu ilihitaji ndege, maabara na mabingwa wa nchi kadhaa.

Ama kuhusu malaria yenyewe, mto Juba uliwafundisha Wamarekani. Mto huo huingia baharini karibu na Kismayo, na ukingoni mwake, huko juu Baardheere, wanamaji waliopiga kambi mwaka 1993 walikutana na mbu wengi. Walikuwa na dawa za kinga, na wakiwa huko wengi walijiona wazima. Waliporudi kwao ndipo homa zikaanza: zaidi ya wanamaji 100 waliugua malaria wakiwa nyumbani. Walio wengi walikuwa na aina iitwayo vivaksi, ambayo hujificha katika ini kwa wiki au miezi, na ambayo dawa ya kawaida ya kinga haiifikii pale ilipojificha. Daktari wa Kalifonia anayemwona kijana mwenye homa hana sababu ya kuwaza juu ya mto Juba, isipokuwa kijana mwenyewe au mkewe amweleze kwamba alikuwako.

Tangu wakati huo maabara imepungua ukubwa. Kipimo cha haraka cha malaria ni kipande cha plastiki chenye ukanda wa karatasi ndani yake. Tone moja la damu na matone machache ya maji ya dawa humpa mpimaji jawabu katika muda wa dakika 15 hadi 20, pasipo darubini wala umeme. Kinachofanya kazi katika ukanda ule ni kingamwili, yaani askari wa mwili, waliozalishwa katika vyombo vya maabara kwa ufundi uliogunduliwa Cambridge mwaka 1975, wa kuunganisha chembe ya panya inayotengeneza kinga na chembe ya saratani isiyochoka kuzaana. Askari hao wamefundishwa kumkamata mtu mmoja tu. Kipimo cha namna hiyo huweza kufika kisiwani Chovae ndani ya mfuko wa mhudumu aliyepanda mashua, na hilo halikuwezekana katika miaka ya Maalin.

Lakini adui naye hakulala. Vipimo vingi vinavyotumika Afrika humtafuta mdudu wa aina ya falsiparamu kwa kuitambua protini moja anayoitoa. Huko Eritrea wamepatikana wadudu walioipoteza kabisa ile amri ya kutengeneza protini hiyo. Wakiingia katika damu, mtu huugua na kipimo husema hana kitu. Eritrea ililazimika kubadili vipimo vyake mwaka 2016. Na huko Djibouti, mahali penye kambi za majeshi ya nchi kadhaa, aliingia mbu mgeni kutoka Asia anayezaliana katika matangi ya mjini. Wagonjwa wa malaria waliokuwa 27 mwaka 2012 walizidi 73,000 mwaka 2020. Mwezi Mei 2024 nchi hiyo ilianza kuachia mbu dume waliobadilishwa katika maabara, ili watoto wao wa kike wafe kabla ya kukomaa. Mbu huyo mgeni amekwisha kuonekana Somalia na Kenya pia.

Swali la silaha limebaki. Mwaka 2017 ilijulikana kwamba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walikuwa wamekiunda upya kirusi cha ndui ya farasi kwa vipande vya amri ya uhai vilivyoagizwa kutoka kiwandani kama mtu aagizavyo vipuri, kwa gharama ya dola kama 100,000. Nia yao ilikuwa chanjo. Lakini kirusi hicho ni jamaa wa karibu wa ndui ya binadamu, ambayo rasmi imehifadhiwa mahali pawili tu duniani, Atlanta nchini Marekani na Koltsovo nchini Urusi. Kazi ya Kanada ilionyesha kwamba kufuli za miji hiyo miwili hazitoshi tena, kwa kuwa kinachofungiwa chaweza kuandikwa upya mahali pengine. Nao walio wengi miongoni mwa wakazi wa Kismayo, Mombasa na Dar es Salaam leo walizaliwa baada ya chanjo ya ndui kukoma.

Hofu hiyo ya ndui ndiyo iliyoifanya Marekani igharimie chanjo mpya iliyo salama zaidi, iliyotengenezwa na kampuni ya Denmark. Miaka mingi ilikaa katika ghala kwa ajili ya vita ambavyo havikuja. Kisha mpoksi, ndugu wa ndui, ikalipuka mashariki ya Kongo na kuvuka hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya katika mwaka 2024. Shehena ya kwanza ya chanjo hiyo ilifika Kinshasa Septemba 5, na kazi ya kuchanja ikaanza Goma Oktoba 5. Kwa mwezi mmoja chanjo ilikuwa nchini, na watu wa Kivu wakingoja. Mpango wa vita unaohesabu dozi zilizomo ghalani pasipo kuhesabu njia ya kwenda kijijini ni mpango nusu.

Kwa askari anayerudi kutoka kazi ya nje, na kwa familia inayompokea, hayo yote huishia katika mambo madogo. Kadi ya chanjo iwekwe mahali pamoja na hati ya ndoa na za watoto. Homa ikimpata hata baada ya miezi sita, daktari aelezwe nchi aliyotoka na mto aliokaa karibu nao, na kipimo kikisema hana malaria huku homa ikiendelea, apimwe tena kwa darubini. Dawa alizopewa za kumaliza zimalizwe, hata kama anajiona mzima. Mkuu wa kikosi naye apate taarifa, kwa kuwa homa ya mtu mmoja yaweza kuwa habari ya kikosi kizima.

Ali Maow Maalin aliendelea kuishi Marka. Polio ilipoendelea kusumbua nchi yake alijiunga na wachanjaji, akawa akiwaendea wazazi waliokataa chanjo na kuwasimulia jinsi yeye alivyoikimbia sindano na jinsi ndui ilivyomlaza. Somalia ilipata kuwa bila polio kwa miaka kadhaa. Mwaka 2013 maradhi hayo yalirudi, na Maalin, aliyekaribia umri wa miaka 60, akarudi kazini katika wilaya yake. Akiwa katika kazi hiyo alishikwa na homa. Safari hii jina lililotajwa lilikuwa la kweli: malaria. Alifariki tarehe 22 Julai 2013.